SOMO LA AFYA: CHAKULA KINAPOKWAMA NJIANI
Sababu za shida ya kumeza ambazo hazifahamiki na wengi



Somo letu la leo linahusu shida ya kumeza. Shida hii watu huivumilia kwa muda mrefu kabla ya kuisema. Mtu huanza kwa kuacha nyama, halafu huacha ugali, mwishowe hubaki na uji. Majirani hudhani ni uchaguzi wake, au ni huzuni ya mambo aliyoyapitia. Siku anapofika zahanati amekwisha konda na nguo zinamvuka.

Kuna jambo la pili linalotusukuma kuandika. Wako wagonjwa waliokwenda kupimwa, wakaambiwa, "Koo yako haina kitu," wakarudi nyumbani na kukata tamaa. Wengine waliambiwa ni mawazo tu. Tunataka kila msomaji ajue kwamba kipimo cha kwanza kisipoonyesha kitu, haina maana kwamba hakuna kitu. Pengine ugonjwa hauko kooni kabisa. Uko kwa jirani wa koo.

Ukimaliza somo hili utaweza:
(a) kueleza njia ya chakula inapita wapi na inapakana na nini;
(b) kutaja baadhi ya sababu za kawaida na za nadra za shida ya kumeza;
(c) kumweleza mganga shida yako ili akuelewe;
(d) kujua dalili ambazo hazingoji kesho.

1. NJIA YA CHAKULA NA MAJIRANI ZAKE

Chakula kikitoka kinywani hupita kooni, kisha huingia katika mrija wa nyama unaoitwa umio. Kwa mtu mzima umio una urefu wa kama sentimita 25. Hushuka shingoni na kifuani mpaka tumboni. Umio si bomba gumu kama la maji. Ni laini, na usipopita chakula hulala bapa. Kila tonge linapoingia, umio hujikaza nyuma yake na kulisukuma chini.

Sasa tazama majirani zake. Mbele yake shingoni kuna njia ya hewa, na mbele ya njia ya hewa kuna tezi la shingo. Nyuma yake kuna mifupa ya uti wa mgongo. Ile ya shingo ni 7. Kifuani umio hupita karibu na mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni, kisha hupita nyuma ya moyo wenyewe. Hatimaye hupenya katika tundu la ukuta wa nyama unaotenga kifua na tumbo.

Fikiria mpira wa kupitishia maji pale bombani. Maji yakikatika, sababu zinaweza kuwa tatu. Ya kwanza, kuna uchafu ndani ya mpira. Ya pili, mtu ameukanyaga kwa nje. Ya tatu, mpira umefura upande mmoja ukafanya kifuko, na maji yanaingia humo badala ya kuendelea. Umio una shida hizohizo tatu: kuzibwa kwa ndani, kubanwa kwa nje, na kufanya kifuko. Ukitazama ndani ya mpira peke yake, hutamwona aliyeukanyaga kwa nje.

2. TUANZE NA SABABU ZA KAWAIDA

Mganga mwema huanza na yale yanayotokea mara nyingi, na ni haki afanye hivyo.

• Uvimbe wa mafindofindo, pamoja na homa. Hupona kwa dawa.
• Utando mweupe wa ukungu mdomoni na kooni, hasa kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua. Una dawa, na ni sababu nzuri ya kupima damu.
• Kitu kilichokwama: mfupa wa samaki, sarafu, kipande cha nyama kisichotafunwa.
• Tindikali ya tumbo inayopanda juu na kuunguza umio kwa miaka mingi.
• Kovu la kuungua kwa kemikali. Hapa tunawaonya wote wanaotengeneza sabuni. Kostiki soda ikimezwa na mtoto huunguza umio, na kovu linalobaki huweza kuufunga kabisa. Usiiweke katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa hata kwa dakika moja.
• Saratani ya umio. Katika Afrika Mashariki ugonjwa huu unaonekana zaidi kuliko sehemu nyingi za dunia. Mtu mzima ambaye chakula kigumu kinamkwama, kisha baada ya wiki au miezi hata kilaini kinamkwama, na huku anakonda, apelekwe kupimwa upesi.

Haya yakiisha tazamwa na jibu halijapatikana, ndipo tunapofika kwenye kiini cha somo letu.

3. SABABU ZA NADRA ZINAZOTOKANA NA UMBO LA MWILI

Mshipa uliopita njia isiyo yake. Mkono wa kulia hupata damu kwa mshipa ambao kwa kawaida hutokea upande wa kulia na kwenda moja kwa moja begani. Lakini kwa mtu kama mmoja katika kila 100, mshipa huo huanzia upande wa kushoto, nao hulazimika kuvuka kwenda kulia. Mara nyingi huvukia nyuma ya umio. Wengi wenye umbo hili huishi mpaka uzeeni bila kujua. Wachache, hasa mshipa unapokuwa mgumu kwa umri, huanza kuhisi ugali na nyama vinakwama juu ya kifua, wakati uji unapita vizuri.

Daktari Mwingereza David Bayford alimwona mwanamke mwenye shida hiyo mwaka 1761. Mama huyo alikuwa ameteseka miaka mingi, na hakuna aliyejua sababu. Alipokufa, mwili wake ulifunguliwa na mshipa ukaonekana ulivyopita. Taarifa ya Bayford ilichapishwa mwaka 1794. Aliupa ugonjwa huo jina la Kilatini lenye maana ya mchezo wa maumbile. Tunalieleza jambo hili kwa sababu mama yule hakuwa na kichaa wala hakurogwa. Alikuwa na mshipa wa damu mahali pasipotazamwa. Siku hizi unaweza kuonekana kwa picha mgonjwa akiwa hai, na mwenye shida kubwa anaweza kufanyiwa upasuaji.

Kifuko cha koo. Kwa baadhi ya wazee, ukuta wa nyuma wa koo hulegea mahali pamoja na kufanya kifuko. Chakula huingia humo na kulala. Mzee hula jioni, na usiku hurudisha chakula kilekile bila kuwa kichungu, maana hakijafika tumboni. Mdomo hunuka ingawa meno ni safi. Shingo hutoa mlio wa maji akinywa. Hatari yake ni chakula kuingia katika mapafu wakati wa usingizi. Kifuko hiki kinatibiwa kwa upasuaji.

Kiwambo chembamba na upungufu wa damu. Mtu aliyepungukiwa madini ya chuma kwa muda mrefu, na mara nyingi ni mwanamke, huweza kuota kiwambo chembamba sehemu ya juu ya umio. Utaona pia viganja na macho ni meupe, pembe za mdomo zimepasuka, ulimi umekuwa laini, na kucha zimebonyea kama kijiko. Safura, yaani minyoo inayonyonya damu, ni njia moja ya kupoteza madini hayo. Hedhi nyingi na mimba za karibu karibu ni njia nyingine. Vidonge vya madini ya chuma husaidia sana, na kiwambo kinaweza kupanuliwa hospitalini. Mgonjwa huyu aendelee kuangaliwa hata akipona, kwa kuwa mahali hapo panaweza kuota saratani baadaye.

Mifupa ya shingo. Kwa wazee, mifupa ya shingo huweza kuota vinundu upande wa mbele na kusukuma koo. Shingo huwa ngumu, na chakula hupita kwa shida zaidi akiinua kidevu. Lakini kuna jambo kubwa zaidi hapa. Kifua kikuu hakikai mapafuni peke yake. Kinaweza kula mifupa ya shingo, na usaha ukakusanyika nyuma ya koo na kuibana. Mtu huwa na maumivu ya shingo, jasho la usiku, kukonda, na baadaye ganzi au udhaifu wa mikono na miguu. Mtu huyo asikandwe wala asinyooshwe shingo na yeyote. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, na huponya zikimezwa mpaka mwisho.

Mfupa mrefu chini ya sikio. Chini ya kila sikio, ndani, kuna mfupa mwembamba kama sindano. Kwa kawaida urefu wake ni sentimita 2 na nusu hadi 3. Kwa wengine hurefuka zaidi, na kwa wachache kati ya hao hugusa koo. Mtu huapa kwamba amekwamwa na mfupa wa samaki, na huenda hajala samaki mwezi mzima. Maumivu hupanda sikioni anapomeza au kugeuza kichwa. Daktari Mmarekani Watt Eagle aliueleza ugonjwa huu mwaka 1937. Mganga anaweza kuupapasa kwa kidole ndani ya mdomo, na picha huthibitisha.

Tezi la shingo. Wengi wetu tunatoka katika nchi za milima, ambako tezi la shingo, liitwalo pia rovu au goita, si jambo geni. Lile linaloonekana kwa nje kila mtu hulijua. La kuangaliwa ni lile lililoshuka nyuma ya mfupa wa kifua, kwa kuwa shingo inaweza kuonekana ya kawaida. Mwambie mgonjwa ainue mikono yote miwili juu ya kichwa kwa dakika moja. Uso ukifura na pumzi ikibana, apelekwe hospitali. Kinga ya tezi litokanalo na ukosefu wa madini joto ni chumvi yenye madini hayo. Ihifadhi katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu.

Moyo uliopanuka. Mtoto akiugua koo mara kwa mara bila kutibiwa, anaweza kupata homa ya baridi yabisi, nayo huharibu milango ya moyo. Baada ya miaka, chumba cha nyuma cha moyo hufura na kukandamiza umio. Mgonjwa hulalamika kwamba chakula kinakwama kifuani, lakini pia anachoka akipanda kilima, anakosa pumzi akilala, na wakati mwingine sauti inakauka. Ugonjwa huu wa moyo bado unawapata vijana wengi nchini Uganda. Kwa hiyo koo ya mtoto yenye homa itibiwe vizuri.

4. WATOTO WADOGO

Mtoto mchanga anayetoa povu mdomoni, anayekabwa na kugeuka rangi ya buluu anaponyonya mara ya kwanza, huenda amezaliwa na umio usiofika tumboni. Asinyonyeshwe tena wala asipewe maji. Akimbizwe hospitali saa hiyohiyo.

Mtoto mwingine hunyonya vizuri, lakini anapoanza chakula kigumu hukabwa, na pumzi yake hukoroma mchana na usiku. Huyu anaweza kuwa amezaliwa na mishipa ya damu iliyozunguka njia ya hewa na umio kama pete. Kila mara hutibiwa nimonia, na kila mara ugonjwa hurudi. Mama, mweleze mganga mambo yote mawili pamoja: pumzi na chakula. Ukieleza moja tu, jibu litakuwa nusu.

Pia kuna uvimbe wa taya wa watoto. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt alimwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Alitafuta wengine kama huyo, na mwaka 1958 alichapisha maelezo ya saratani ambayo sasa inaitwa kwa jina lake. Inakua haraka sana, lakini inaweza kuponywa kwa dawa mtoto akiwahi. Meno yanayolegea bila sababu, taya linalovimba, na mtoto kushindwa kutafuna, ni mambo ya kupelekwa hospitali wiki hiyohiyo.

5. TUSIKATE KILIMI

Lazima tuseme wazi juu ya jambo hili. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo huitwa kilimi au kimeo. Wasemao Kirundi na Kinyarwanda hukijua kwa jina la ikirimi. Mahali pengi, mtoto akikohoa, akitapika au akikataa kula, hupelekwa kwa mtu akikate.

Kilimi si ugonjwa. Kila mtu anacho. Kazi yake ni kusaidia kuziba njia ya pua tunapomeza. Katika sababu zote tulizozitaja hapo juu, hakuna hata moja inayoponywa kwa kukikata. Mshipa unaobana uko kifuani. Tezi liko shingoni. Kiwambo kiko ndani ya umio. Lakini madhara ya kukata ni ya kweli: kutoka damu isiyokatika, usaha, pepopunda, na magonjwa ya damu yanayoenezwa na kisu kilichotumiwa kwa wengi. Tena siku zinapotea, na ugonjwa wenyewe unaendelea.

Hatuwadharau wazee wetu. Walifanya walichokiona, kwa kuwa kilimi kinaonekana mdomo ukifunguliwa. Umio hauonekani hivyo. Sisi tuna vyombo ambavyo wao hawakuwa navyo, basi tuvitumie.

6. JINSI YA KUELEZA SHIDA YAKO

Mganga hupata nusu ya jibu kutoka mdomoni mwa mgonjwa. Soma mazungumzo haya kwa sauti katika kikundi chenu, mmoja awe mhudumu na mwingine awe mgonjwa.

MHUDUMU: Karibu, mama. Kaa hapa. Shida ni nini?
MAMA: Koo, mwanangu. Sili.
MHUDUMU: Pole sana, mama. Unashindwa kuanza kumeza, au unameza halafu kinakwama?
MAMA: Nameza. Halafu kinasimama.
MHUDUMU: Nionyeshe kwa kidole kinaposimama.
MAMA: Hapa, juu ya kifua.
MHUDUMU: Chakula kigumu tu, au hata maji?
MAMA: Ugali na muhogo. Uji na maji vinapita.
MHUDUMU: Tangu lini?
MAMA: Tangu mavuno ya mwaka juzi.
MHUDUMU: Inazidi, au iko vilevile?
MAMA: Iko vilevile. Ila nimechoka kuwa mtu wa uji.
MHUDUMU: Je, chakula hurudi usiku? Unakohoa ukila? Umekonda? Sauti imebadilika?
MAMA: Hapana, hakirudi. Nimekonda kidogo. Sauti ni ileile.
MHUDUMU: Asante, mama. Umenieleza vizuri. Nitayaandika yote haya katika barua ya kukupeleka mbele.

Angalieni alichokifanya mama. Aliposema "sili," mhudumu hakuwa na la kushika. Alipoonyesha mahali, akasema ni chakula gani, tangu lini, na kwamba hali haizidi, mhudumu alijua kwamba kuna kitu kinachobana polepole kwa muda mrefu. Kama shida ingekuwa imeanza miezi miwili tu na inazidi kila wiki, angeharakisha zaidi kwa hofu ya saratani. Na kama mama angekabwa na maji kuliko ugali, au maji yangetokea puani, mhudumu angefikiria mishipa ya fahamu, kama kwa mtu aliyepooza.

Kwa hiyo jibu maswali haya matano kabla hujaenda: Kinakwama wapi? Ni chakula gani? Tangu lini? Inazidi au la? Kuna nini kingine mwilini?

7. SAFARI YA KWENDA MULAGO

Nchini Uganda wakimbizi hutumia vituo vya afya vya serikali kama raia. Anza na kituo cha afya cha hapa. Kikishindwa, utapewa barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, na wachache hupelekwa mpaka Kampala.

Aliyepelekwa Mulago hupita Wandegeya. Wandegeya iko bondeni, kati ya kilima cha Makerere, penye chuo kikuu, na kilima cha Mulago, penye hospitali. Ukiwa katikati ya mji, panda teksi zinazopita barabara ya Bombo na uteremke Wandegeya penye taa za barabarani. Kutoka hapo unaweza kupanda kwa miguu ukiwa na nguvu. Ukiwa dhaifu, chukua boda boda, na mpatane bei kabla ya kukaa juu yake. Vibanda vya chakula ni vingi hapo, lakini usile kama umeambiwa ufike na tumbo tupu.

Soma barua yako vizuri kabla ya kusafiri. Baadhi ya huduma zilizokuwa Mulago zilihamishiwa katika hospitali za Kawempe na Kiruddu. Kawempe iko mbele, barabara hiyohiyo ya Bombo. Kiruddu iko upande mwingine wa mji, Makindye. Aliyekosea hupoteza siku nzima na nauli.

Mulago ilianza mwaka 1913, na jengo kubwa jipya lilifunguliwa mwaka 1962. Shule ya udaktari ya Makerere, iliyoanza mwaka 1924, hufundisha hapo, kwa hiyo usishangae ukizungukwa na vijana wenye makoti meupe. Taasisi ya Saratani na Taasisi ya Moyo ziko kilimani hapohapo. Wengi watasema nawe Kiganda au Kiingereza. Kama hujui lugha hizo, nenda na ndugu anayezijua, au yaandikishe majibu ya maswali yako matano katika karatasi kabla ya kuondoka.

Vipimo unavyoweza kukutana navyo ni hivi:

Bariamu. Utapewa kinywaji kizito cheupe kama chokaa, na picha za eksirei zitapigwa unapomeza. Kivuli cheupe huonyesha umio wote. Kitu kinachobana kwa nje huacha alama ya kubonyea, na kifuko huonekana kama mfuko. Kinyesi kitakuwa cheupe siku chache. Usiogope, kunywa maji mengi.

Mpira wenye taa. Mpira mwembamba huingizwa mdomoni mpaka tumboni, na daktari hutazama ndani. Unaweza kukata kinyama kidogo cha kupima. Kama wewe ni mzee na chakula hurudi usiku, mwambie daktari kabla hajaanza, kwa kuwa mpira unaweza kutoboa kifuko asichokijua.

Picha ya CT. Hii huonyesha majirani wote: mishipa, mifupa, tezi na moyo. Ina gharama, kwa hiyo uliza kwanza ofisi iliyokupeleka nani atalipa.

Ukiambiwa, "Hatukuona kitu," usinyanyuke na kwenda. Uliza kwa heshima: "Daktari, mmetazama ndani ya umio. Je, kuna kitu kinachoweza kuubana kwa nje?" Swali hilo si utovu wa adabu. Daktari mwema hulipokea. Kisha omba matokeo kwa maandishi na uyahifadhi pamoja na picha. Usiziache hospitalini, wala usizikunje.

8. KULA WAKATI UNANGOJA

Miadi huweza kuchukua wiki nyingi. Katika muda huo mwili lazima ule.

• Kaa wima unapokula, na ubaki wima kwa nusu saa au zaidi baada ya chakula.
• Kula kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku, badala ya mara moja.
• Maharage yapikwe mpaka yalainike, kisha yapondwe na kuchujwa maganda. Ndizi na viazi vipondwe kwa mchuzi. Ugali ulainishwe kwa mchuzi au maziwa.
• Uji mtupu haushibishi mwili. Uongezee mafuta kijiko kimoja, unga wa karanga, maziwa au yai.
• Acha vipande vya nyama, muhogo mkavu na mahindi ya kuchoma.
• Usisukume kilichokwama kwa kumeza tonge jingine juu yake.
• Vidonge vimezwe kwa maji mengi ukiwa umekaa. Usivisage kabla ya kumwuliza mhudumu, baadhi havisagwi.
• Pima uzito kila wiki mbili na uuandike. Namba hizo zitasema zaidi ya maneno.

9. DALILI ZISIZONGOJA KESHO

Nenda kituo cha afya sasa hivi, hata usiku, kama:

• mtu hawezi kumeza hata mate yake;
• anatapika damu, au kinyesi ni cheusi kama lami;
• pumzi inatoa mlio na inabana;
• mtoto ana homa, mate yanamtiririka, na hataki kugeuza shingo;
• mtoto mchanga anatoa povu na kukabwa;
• mtoto amemeza betri ndogo ya duara, ya saa au ya kichezeo. Betri hii huanza kuunguza umio ndani ya saa mbili;
• mtu amemeza kostiki soda. Asitapishwe. Asukutue mdomo, na aende na chupa ya kitu alichomeza.

10. MAMBO YA KUKUMBUKA

Shida ya kumeza iliyozidi wiki mbili si ya kuvumilia. Sababu za kawaida hutazamwa kwanza, lakini zisipopatikana, safari haijaisha. Umio una majirani wengi, na yeyote kati yao anaweza kuukanyaga. Kukata kilimi hakuondoi hata mmoja wao.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja majirani wanne wa umio. Kila mmoja anaweza kuubana namna gani?
2. Mzee hurudisha chakula cha jioni usiku, nacho si kichungu. Unafikiri kuna nini? Utamwambia mganga nini kabla ya kupimwa kwa mpira?
3. Jirani yako anataka kumpeleka mtoto akatwe kilimi. Utasema naye vipi bila kumvunjia heshima?
4. Katika mtaa wenu, ni nani anayekula uji tu siku hizi? Je, kuna aliyemwuliza kwa nini?

Swali la nne lisijibiwe kwa maneno. Lijibiwe kwa kwenda kumtembelea mtu huyo leo jioni.